Wikiendi Unguja: Nilikwenda Kutembea, Nikaishia Kukwangua Ukuta

Kuna mwenzetu mmoja tuliyeanza naye mwaka wa kwanza, sasa hivi yuko Ulaya kwa programu ya kubadilishana wanafunzi. Kila Jumapili usiku anaturushia picha kwenye grupu la darasa: leo yuko Prague, wiki ijayo sijui wapi, vichochoro vya mawe, majumba ya zamani, yeye katikati na koti lake. Sisi tuko Mabibo hosteli, bumu halijatoka, tunakula wali maharage na kumbonyezea alama za moto. Siku moja rumeti wangu, ambaye ni mtu wa Unguja, alichungulia simu yangu akaguna. "Vichochoro tu hivyo? Mbona nyumbani kwetu vipo, tena viko kwenye orodha ileile."

Alimaanisha orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nilidhani ananipiga fiksi, nikatafuta. Kweli: Prague iliingizwa mwaka 1992, Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000. Mmoja unahitaji viza na ndege, mwingine unahitaji kitambulisho na saa mbili za boti. Nimekaa Dar miaka mitatu na nilikuwa sijawahi kuvuka.

Kwa hiyo makala hii ilitakiwa iwe ya matembezi. Mhariri aliniomba niandike namna mwanachuo anavyoweza kwenda Unguja wikiendi moja bila kukopa. Hayo yamo, lakini sehemu kubwa imekuwa habari ya chokaa. Nivumilie, utaona kwa nini.

Safari yenyewe ni rahisi. Tulitoka Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho, tukapanda mwendokasi hadi Kivukoni, tukatembea kwa miguu mpaka bandarini, tukachukua boti ya alasiri. Mwananchi ana nauli yake, mgeni ana yake, na tofauti ni kubwa, kwa hiyo usije ukasahau kitambulisho ukaanza kujieleza dirishani. Nauli ya kwenda na kurudi ilikula zaidi ya nusu ya akiba yangu. Ukiwa na mtu wa kukulaza, nusu iliyobaki inatosha kabisa. Ilikuwa Februari, upepo wa kaskazi, na wenyeji walisema bahari imetulia. Sijui wao wanaita nini kuchafuka. Mimi ni mtu wa Njombe. Nusu ya safari nilikuwa nimekumbatia ule mfuko wanaogawa wahudumu, na rumeti ananipigapiga mgongoni huku anakula karanga.

Tuliingia na Magharibi. Adhana zilikuwa zinapokezana msikiti kwa msikiti, na taa za bandarini zinawaka. Kwao ni Kiponda, dakika chache tu kwa miguu kutoka bandarini, ila dakika hizo ukiachwa peke yako zinaweza kuwa saa nzima, maana kichochoro kinapinda, kinagawanyika, kinakurudisha ulipotoka. Mwenyeji wangu alikuwa anatembea bila kutazama, anasalimia kila baraza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Huko bara wote hawajambo? Ingia, ingia. Mbona umekonda hivi, chuoni hawakulishi?"

Bibi yake anaishi kwenye nyumba ya ghorofa mbili yenye ua mdogo katikati. Chini ni giza na ubaridi, juu kuna upepo. Kuta ni nene, sentimita 50 au 60, ukiweka mkono kwenye dirisha unaingia mpaka kwapani. Vyumba ni virefu na vyembamba, upana kama mita 3 tu, na ukitazama dari unaona boriti zimepangwa moja moja, nyeusi kwa uzee. Tulikula boflo, samaki wa kukaanga na chai ya viungo. Baada ya chakula Bibi akauliza ninasoma nini. Nikasema uhandisi ujenzi, mwaka wa tatu. Akaweka kikombe chini.

"Ahaa. Basi Mungu kakuleta. Njoo nikuonyeshe ukuta."

Hapa inabidi nieleze jambo la nyumba. Marehemu mume wa Bibi aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa mfanyabiashara wa nguo. Warithi sasa wako kumi na kitu: wengine Maskati, mmoja Dubai, mmoja London, wawili Dar, waliobaki Unguja. Wana grupu la WhatsApp. Kuna mtu anataka kuinunua nyumba aifanye hoteli, na grupu limegawanyika. Walio mbali wengi wanataka kuuza, kwa hoja kwamba nyumba inaanguka, na Bibi akiangukiwa watamjibu nini Mungu. Bibi hataki. Na hoja yote ilikuwa imesimama kwenye ukuta mmoja wa chini, upande wa ua.

Ukuta ulikuwa unatisha, sitaki kusema uongo. Kuanzia sakafuni mpaka kifuani ulikuwa umepigwa lipu ya saruji, safi, ngumu, kazi ya kama miaka mitatu iliyopita. Lakini juu ya hiyo saruji doa la unyevu lilikuwa limepanda mpaka karibu na dari, rangi imebanduka, unga mweupe wa chumvi umetoka kama ukungu. Kulikuwa na ufa unaoingia kidole. Juu kabisa, vichwa vya boriti mbili pale vinapoingia ukutani vilikuwa vimeoza, ukivibonyeza vinabonyea.

Nikawasha tochi ya simu, nikapiga picha, nikatikisa kichwa kama nilivyoona wakaguzi wanavyotikisa saiti wakati wa mafunzo kwa vitendo. Rumeti akaniambia wakubwa kwenye grupu wangependa kusikia maoni ya mtaalamu. Neno hilo, mtaalamu, lilinipanda kichwani. Nikarekodi ujumbe wa sauti. Nikasema shikamoni wakubwa zangu, mimi ni wa uhandisi ujenzi, nimeukagua ukuta, umechoka, saruji iliyowekwa ni chache, ufa ni wa kimuundo, dari inaweza kushuka wakati wowote. Kitaalamu ama pajengwe upya kwa nguzo na mikanda ya zege, ama nyumba isikaliwe. Dakika moja na sekunde arobaini. Nikalala vizuri.

Jumamosi alfajiri rumeti alinitoa kutembea kabla jua halijawa kali, na hii ndiyo saa nzuri kuliko zote, watalii bado wamelala na wauza mikate wanapita na baiskeli. Alinionyesha milango. Ile yenye kizingiti cha juu kilichonyooka wanaita ya Kiarabu, na yenye upinde juu mara nyingi ni ya asili ya Kihindi, na njumu za shaba nazo ni mtindo wa Bara Hindi, ambako inasemwa zilikuwa za kuzuia tembo wa vita wasisukume lango. Unguja hapana tembo wa kusukuma mlango. Njumu zilibaki za kuonyesha uwezo.

Halafu baraza. Karibu kila nyumba ina benchi la mawe lililoshikana na ukuta wa mbele. Hapo ndipo watu wanapokunywa kahawa, wanacheza bao, wanajadili siasa, fundi cherehani anaweka kiti chake, na mvua ikimwagika na kichochoro kikajaa maji watu wanapita juu ya baraza kama daraja. Nilikaa pale Jaws Corner nikanywa kahawa chungu na kipande cha kashata, nikasikiliza wazee wakibishana siasa na mpira kwa pamoja bila kuchanganya. Somo dogo la lugha: Kiswahili sanifu tunachofanyia mitihani kilijengwa juu ya Kiunguja, lakini niliponunua viazi nikifikiria chipsi nilipewa viazi vitamu. Vya chipsi huku ni mbatata. Na nyanya za mchuzi ni tungule. Andika mahali.

Tukapita Mkunazini, penye Kanisa Kuu la Anglikana, lililojengwa juu ya soko la watumwa baada ya Sultani Barghash kusaini mkataba wa kulifunga mwaka 1873. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, ndiye huyohuyo aliyekusanya hadithi za Kiswahili na kutunga sarufi, na amezikwa humo ndani. Nje kuna sanamu za watumwa shimoni, na minyororo. Hatukuongea pale. Tulitoka tukatembea hadi Forodhani bila kusemezana.

Na Forodhani ndipo nilipoliona Beit al-Ajaib, au tuseme kilichobaki. Barghash alilijenga mwaka 1883, likawa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na umeme. Mwaka 1896, mwezi Agosti, manowari za Waingereza zilipiga mizinga majumba ya mfalme pale ufukweni kwa chini ya saa moja, jumba la jirani likavunjika kabisa, hili likasimama. Kisha tarehe 25 Desemba 2020, likiwa kwenye matengenezo, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa ikaporomoka, watu wawili wakafa. Niliposimama pale nilijisikia nimethibitishwa. Nikamwambia rumeti: "Unaona? Haya majumba yamekwisha." Hakujibu.

Tuliporudi Bibi alikuwa anamimina chai. Simu yake ilikuwa mezani. Shangazi mmoja alikuwa amempigia asubuhi na kumsikilizisha sauti yangu. Na mjomba wa Maskati alikuwa ameshaandika kwenye grupu: "Mmesikia wenyewe. Mhandisi kasema." Wengine watano wameweka dole gumba. Bibi hakuniambia neno baya. Aliniuliza kama napenda sukari nyingi au kidogo. Bora angenigombeza.

Kisha akasema, "Nimemwita Fundi. Nawe uwepo, msikilizane."

Fundi ni mzee wa miaka sabini hivi, mwashi, mwenye mikono iliyopauka kwa chokaa. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama, akasema, "Wewe ndiye mhandisi?" Nikasema mimi mwanafunzi. "Ah. Kwenye simu ulisema mwengine."

Akachukua nyundo, akaigeuza, akagonga lipu ya saruji kwa mpini. Ko, ko, ko. "Sikiliza." Akagonga ukuta wa upande wa pili, ambao haujaguswa, una lipu ya zamani ya chokaa iliyochakaa, mbaya kwa macho. Tu, tu, tu. Sauti ya kitu kilichojaa. Upande wa saruji ulikuwa unalia kama debe. Akachomeka patasi kwenye ukingo, akakandamiza, pande la saruji ukubwa wa sinia likabanduka zimazima. Nyuma yake ukatiririka mchanga. Kile kilichokuwa ukuta nyuma ya saruji kilikuwa kimegeuka mchanga mbichi, unashika mkononi, unaonja chumvi.

"Huu ukuta hauumwi," alisema. "Umevishwa nailoni."

Alinieleza kwa saa nzima, nami nitajitahidi kukupa kwa lugha ya darasani na ya kwake kwa pamoja. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe ya kale, miamba iliyokuwa bahari kabla kisiwa hakijainuka. Ni mawe yenye vitundu vingi. Yameshikanishwa kwa udongo, mchanga na chokaa, na msingi hauna kitu cha kuzuia maji kama tunachoweka siku hizi. Kwa hiyo maji ya ardhini yanapanda ukutani, kama chai inavyopanda kwenye mkate uliochovya ncha. Hilo halikuwa siri kwa waliojenga. Walichofanya ni kuupa ukuta njia ya kuyatoa. Lipu ya chokaa nayo ina vitundu, unyevu unapenya unakaukia nje, na chumvi inayokuja nao inabaki kwenye lipu. Baada ya miaka lipu inachakaa, unaikwangua, unapiga nyingine. "Lipu ni nguo," Fundi alisema. "Nguo ikichakaa, mwili upo."

Saruji inaziba. Maji hayajaacha kupanda, ila sasa hayana pa kutokea, yanakaa ndani, yanapanda juu zaidi kutafuta mlango. Ndiyo maana doa lilianza pale saruji inapoishia. Chumvi nayo, badala ya kula lipu, inagandia ndani ya ukuta wenyewe, inavimba kila inapokauka, inasaga udongo na chokaa mpaka vinakuwa mchanga. Unyevu ulipofika juu ukakuta vichwa vya boriti. Boriti ni miti ya mikoko, migumu ajabu, inakaa miaka mia ikiwa mikavu, lakini ukiiweka kichwa majini inaoza kama mti mwingine wowote. Kumbe hata upana wa vyumba ni kwa ajili yao: urefu wa boriti ndio unaokata upana wa chumba.

Na ufa? Fundi akaniuliza ufa unapita wapi. Nikatazama kwa mara ya kwanza kwa makini. Ulikuwa unapita pale palepale saruji inapokutana na chokaa. Ukuta wa chokaa unacheza kidogo kidogo, kwa joto, kwa masika, kwa kiangazi, na hauna neno. Ukiubandikia kitu kigumu upande mmoja, kigumu hakichezi, basi wanaachana. Mimi miaka mitatu nimepimwa kwa kitu kimoja kuhusu ukuta: nguvu yake, newtoni kwa milimita ya mraba, kadiri inavyozidi ndivyo bora. Na zile nguzo za zege nilizopendekeza kwenye sauti yangu zingekaa juu ya msingi wa mawe usiojengwa kwa uzito huo.

Sitasema hatukufundishwa. Kwenye somo la vifaa vya ujenzi chokaa ilikuwemo, kurasa mbili. Niliziruka kwa sababu hazijawahi kutoka kwenye pasti pepa.

Nikamuuliza kuhusu Beit al-Ajaib. Akasema lile ni jengo jingine, lina nguzo za chuma na kumbi pana, usilichukue ugonjwa wake ukaleta huku. "Daktari hatibu jirani kwa dawa ya jirani."

Tusiwaonee waliotumia saruji, hata hivyo. Mfuko wa saruji unaupata dukani leo, fundi yeyote anaijua, kesho kutwa imekauka. Chokaa inataka subira, na mafundi wake ni wachache na wazee. Tena matatizo hayakuanzia kwenye lipu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, majumba mengi yakachukuliwa na serikali, familia nyingi zikaingia nyumba moja, na kodi ndogo haikutosha matengenezo. Siku hizi kuna jambo jingine: mabafu mapya ghorofani, matangi ya maji juu ya paa, viyoyozi vinadondosha maji ukutani mchana kutwa. Kwa Bibi tuliukuta mfereji wa bati umetoboka, unamwaga maji ya mvua palepale juu ya boriti zilizooza. Nilikuwa nimeumulika usiku ule na tochi yangu bila kuuona.

Mchana Fundi akatutuma shamba kuchukua chokaa. Hapa "shamba" maana yake ni kokote nje ya mji. Tulipanda gari ya Makunduchi, namba 310, mabenchi ya pembeni, ndizi na ndoo za samaki katikati, mama mmoja akanikabidhi mtoto wake nimpakate bila kuniuliza jina. Kama ulitaka matembezi, haya ndiyo matembezi ya bei ya chini kabisa: mji unaisha, minazi na miembe inakuja, kisha msitu wa Jozani, ambako dereva anapunguza mwendo kwa ajili ya kima punju wanaovuka barabara. Kima hawa wekundu hawapatikani porini popote duniani isipokuwa visiwa hivi. Tuliwaona wanne kupitia dirishani, bure. Kusini zaidi udongo mwekundu unaisha na ardhi inakuwa mawe matupu.

Kijijini chokaa huchomwa hivi: magogo na kuni zinapangwa duara, mawe ya matumbawe yanarundikwa juu, moto unawashwa na kuachwa usiku na mchana. Kwenye joto la kama nyuzi 900 jiwe linatoa hewa ya kaboni na kubaki jepesi, jeupe. Likimwagiwa maji linachemka, linapasuka, linakuwa unga. Ukilipiga ukutani linaanza kuirudisha ile hewa polepole kutoka angani, mwezi kwa mwezi, mpaka linakuwa jiwe tena. Nilikuwa naijua hiyo mlinganyo toka kidato cha tatu, na sikuwahi kuihusisha na nyumba ya mtu. Gharama yake ni kuni. Rundo moja linameza miti mingi, na ukilitazama unaelewa kwa nini si kila mtu anaifurahia biashara hii.

Tulirudi na magunia mawili, wao wanaita polo, tukashuka mjini weupe kama wachawi. Gari ilitupitisha Michenzani, na hapo nikacheka. Kama kuna mji wa Ulaya Unguja ni huu: majengo marefu ya zege yaliyopangwa mistari kama treni, yaliyojengwa enzi za Karume na baadaye kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, moja ya nchi za mwanzo kuitambua Serikali ya Mapinduzi. Yamejengwa Ng'ambo, maana zamani kulikuwa na mkono wa bahari kati ya Mji Mkongwe na huku, wa huku wakawa wa ng'ambo, na palipokuwa na daraja ndiyo Darajani ya leo. Mkono ule ulifukiwa. Majina yamebaki.

Fundi alipoyaona magunia alifurahi, kisha akatuambia hayatumiki sasa. Chokaa inamiminwa shimoni, inafunikwa maji, inakaa miezi, ikizidi mwaka ndiyo tamu. Ya kazi ya sasa alikuwa nayo shimoni kwake tangu mwaka jana. Nikabaki mdomo wazi: nilipakata mtoto saa nzima kwa ajili ya kazi ya mwakani!

Usiku tulikwenda Forodhani. Watu wote watakuambia ule pweza na piza ya Zanzibar, na ni sawa, ila uliza bei kwanza. Mimi nakushauri urojo, tena ule wa akina mama wa mitaani, bakuli la shilingi 2,000 na umeshiba: mbatata, bajia, kachori, yai, mishkaki, chipsi za muhogo juu, chatne ya nazi, vyote vimezama kwenye ule mchuzi wa njano wa ukwaju na embe. Nililiweka bakuli juu ya ukingo wa bahari na nikarekodi ujumbe wa pili. Nilifuta mara nne.

Nilisema: wakubwa zangu, jana nilisema kitaalamu. Mhandisi ni mtu aliyesajiliwa na bodi, mimi sijamaliza hata digrii. Nilitazama ukuta kwa dakika kumi usiku. Nilichosema kuhusu saruji kilikuwa kinyume, saruji ndiyo iliyoudhuru. Boriti mbili zimeoza na lazima zibadilishwe, na kabla ya hapo dari ishikiliwe kwa magogo na Bibi asilale chumba kile. Fundi anaifahamu kazi, na kibali cha matengenezo huombwa kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe. Sina maoni kuhusu kuuza au kutouza. Nawaomba radhi, na namwomba radhi Bibi.

Ilisikilizwa na wote. Kwa muda mrefu hakuna aliyeandika. Kisha shangazi wa London akauliza Fundi anataka kiasi gani, na mjomba wa Maskati akaandika kwamba watoto wa siku hizi hubadilika kama upepo. Ana haki.

Bibi alipoisikia alisema, "Sasa sawa. Ikiuzwa, iuzwe kwa kuwa watu wanataka pesa zao. Isiuzwe kwa kusingizia ukuta."

Jumapili tulifunga magogo kushikilia dari, mimi na rumeti na vijana wawili wa mtaani, na tukakwangua saruji yote mpaka adhuhuri. Ni kazi ngumu na ya vumbi, na kila pande likidondoka mchanga unatiririka nyuma yake. Chini yake yakatokea mawe yenyewe, na kwenye moja niliona alama ya tumbawe, zile nyota ndogondogo, kama zimechorwa kwa sindano. Fundi akasema ukuta uachwe wazi, upumue, asipige lipu mpaka masika yapite. Boti ya jioni nilitapika tena.

Kwa anayepanga kwenda: vaa nguo ya heshima mitaani, usipige watu picha bila kuwauliza, Ijumaa adhuhuri maduka yanafungwa kwa sala, na Ramadhani mchana usile barabarani hata kama wewe hufungi. Ukipotea, tembea tu, utatokea baharini au Darajani.

Juni rumeti alinionyesha picha. Bibi amekaa ua, mgongo ameuegemeza kwenye ule ukuta ulio uchi, mawe yote yanaonekana. Doa limeshuka mpaka usawa wa goti. Boriti mpya mbili ziko juu, nyekundu kati ya nyeusi, shangazi wa London alitoa nusu na walio Dar wakatoa nusu. Mnunuzi bado anapiga simu, na grupu bado halijakubaliana. Magunia yetu mawili yamo shimoni kwa Fundi, yamefunikwa maji.